Ukurasa Uliofunguka kwa Rashidi Ukagoma Kwangu

Nina miaka thelathini na minne. Ninaandika haya nikiwa Mata, upande wa Taveta, katika chumba cha kupanga nyuma ya stoo ya vitunguu. Mke sina. Nilikuwa naye... nikampoteza kwa wivu wangu, na kwa namba nne nilizoandika mwenyewe kwenye kompyuta. Najua wengine mtacheka mkisikia habari za namba. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Shule niliiacha kidato cha pili. Si kwamba nilikuwa mjinga! Nilitaka kujua kila kitu isipokuwa kile mwalimu alichokuwa akifundisha siku hiyo. Kwetu ni Salaita. Nilitoka huko na miaka kumi na saba, nikakata mkonge, nikachimba mawe ya vito bila kuona hata moja la maana, nikauza maji na karanga Miasenyi malori yanaposimama. Hakuna kazi niliyokaa nayo mwaka mzima. Nikishaielewa, utamu wake umeisha, nafunga mfuko wangu naondoka.

Kisha nikakutana na waya.

Mafundi fulani walikuwa wakivuta nyaya za intaneti katika hoteli ya watalii nje ya Voi. Niliajiriwa kuchimba mitaro. Wiki ya pili nilikuwa nimeacha jembe, nasimama nyuma ya fundi mkuu natazama vidole vyake. Nikajua kubana vichwa vya waya kabla hajanifundisha. Nikajua kwamba kila kompyuta hupewa anwani, namba nne zenye nukta katikati, ili nyingine ziweze kuipata. Niliuliza maswali mpaka fundi akaniambia, "Wewe kijana, huo mdomo ungekuwa jembe, mtaro ungekuwa umefika Mombasa!"

Kazi ilipoisha waliondoka. Mimi nikabaki na elimu nusu, na hiyo nusu nikaiamini kana kwamba ndiyo yote.

Saru nilimpata Voi mjini. Ni binti wa Wundanyi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alikuwa mwalimu wa chekechea, shule yao ikafungwa, akafungua saiba ndogo karibu na soko. Kompyuta nne, mashine ya kuchapisha, na benchi la wateja. Watu walikuja kujaziwa fomu za serikali na kuandikiwa barua za kazi. Siku hiyo niliingia kuchapisha ukurasa mmoja, nikakuta mtandao umekatika. Nilitoka jioni nikiwa nimefungua mashine zote na kuzirudisha. Miezi minane baadaye nilipanda mlima hadi Wundanyi na wazee wangu, nikapokelewa kwao, tukawa mume na mke.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza.

Baada ya ndoa niliamua kuusuka upya mtandao wa saiba. Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ilikuja na namba zake, zile zinazoanza na 192.168. Namba hizo nilikuwa nimeziona kila mahali, hotelini, madukani, hata kwa kinyozi. Nikazidharau! Kwa nini saiba ya mke wangu ivae nguo ya kila mtu? Nikamwambia, "Leo nakupa anwani ambayo hakuna mtu Voi hii anayo."

Kwenye ruta na kwenye kila kompyuta nikaandika tarehe aliyozaliwa yeye, kumi na nane. Kisha mwezi wake. Kisha tarehe yangu. Mwisho, namba ya kila mashine. Nilipomaliza, kompyuta yenyewe ikaujaza mstari wa chini yake, ule unaoiambia mashine ni namba zipi zilizo ndani ya nyumba na zipi zilizo nje. Sikuujali. Nikauacha vile ulivyojijaza.

Intaneti ikaja mbio! Mashine zikaonana, ya kuchapisha ikaitika. Saru akapiga makofi akasema, "Kumbe mimi ni anwani!" Nikavimba kichwa. Imefanya kazi, basi ni sawa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila kitu maishani mwangu. Ikifanya kazi, ni sawa.

Mara mojamoja ukurasa fulani wa intaneti uligoma kufunguka. Mteja akilalamika nilimwambia wenye ukurasa ndio wenye shida. Mteja alivuka barabara, akaenda kwa Rashidi.

Rashidi alikuwa na duka mkabala na letu. Aliuza simu na kuzitengeneza, na kwenye kona aliweka kompyuta mbili. Ni mzaliwa wa Voi, lakini kwao asili ni pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubembeleza. Nguo zake zilikuwa zimepigwa pasi hata siku ya mvua. Wanawake waliingia kwake na simu mbovu wakatoka wakitabasamu kabla simu haijapona! Mke wangu alimwita shemeji. Mama yake, Bi Mwanakombo, aliketi dukani humo kutwa nzima, kwenye kiti chake karibu na mlango. Hilo nililiona kwa macho yangu kila siku. Lakini mtu mwenye wivu huona anachotaka.

Saru alikuwa na ndoto moja tu. Dada yake mkubwa alifia njiani akiteremshwa mlimani kwenda kujifungua, na tangu siku hiyo Saru alitaka kuwa mkunga. Hakuwa na njia. Halafu akasikia kuhusu shirika linalosomesha wakunga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwanza unasoma masomo ya majaribio kwenye ukurasa wao kwa wiki sita. Mwisho kuna mtihani wa saa mbili, siku moja, saa iliyopangwa. Ukiukosa, umeukosa. Na hawachukui mtu aliyetimiza miaka thelathini. Saru alikuwa amebakiza miezi miwili aitimize.

Alinionyesha barua ya kukubaliwa kwa majaribio. Nilimkumbatia. Nilifurahi kweli, naomba mniamini.

Kesho yake aliniita, "Fundi, hebu njoo. Huu ukurasa haufunguki."

Nikatazama. Kiduara kinazunguka tu, kinazunguka. Nikafungua kurasa nyingine tatu mbele yake, zote zikafunguka. "Unaona? Shida ni yao, si yangu," nikamwambia, nikarudi kwenye chai yangu.

Alijaribu siku tatu. Siku ya nne akaja tena na simu mkononi. "Nikizima waifai yetu nikatumia bando, unafunguka. Nikiwasha waifai, unagoma. Kwa nini?"

Ndugu msomaji, mimi niliyeuliza kwa nini juu ya kila kitu chini ya jua, siku hiyo sikuuliza! Nilisikia dharau. Niliona ananiambia kazi yangu ni mbovu. Nikamjibu kwa ukali kwamba kama waifai yangu haimtoshi atafute ya mwanamume mwingine.

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi. Yeye hakuwa na wazo hilo. Ni mimi niliyelileta nyumbani.

Akaacha kuniambia. Na alipoacha, mimi nikaanza kuona mambo.

Niliona akizima waifai kila anaposhika simu. Ndani ya ruta niliweza kuona majina ya simu zote zilizo kwenye mtandao wetu, na jina la simu yake likitoweka kifua kilinichoma kama pilipili. Mtu gani anaacha intaneti ya bure ya mumewe, akachoma bando, kama hana la kuficha? Huo ndio ushahidi wangu wa kwanza...

Masomo yalizidi, kioo cha simu kikawa kidogo mno. Akaanza kuvuka barabara. Kila siku saa nne asubuhi anachukua daftari lake, anasema, "Naenda kusoma kwa Rashidi, nitarudi," anavuka. Saa moja nzima! Mimi nabaki na wateja, shingo imepinda kuelekea mlangoni. Niliona mgongo wake kupitia kioo cha duka lile. Akicheka, nilijua kwa mabega. Alikuwa anacheka na nani?

Akirudi, nilinusa leso yake. Ilinukia udi. Udi, jamani! Kwetu hakuna udi. Sikujiuliza kwamba Bi Mwanakombo alifukiza duka zima kila asubuhi, na hata polisi akiingia pale kubadilisha kioo cha simu angetoka ananukia udi.

Mimi mwenyewe nikaujaribu ule ukurasa. Nilijaribu kwenye mashine zote nne, ukagoma. Nikajaribu kwenye simu yangu, ukagoma. Simu yangu haikuwahi kutoka kwenye waifai ya saiba, lakini hilo halikunijia akilini. Nikaamua kwamba ukurasa haupo. Barua ni ya uongo. Wakunga ni uongo. Kilichopo ni Rashidi.

Siku moja Rashidi alivuka yeye, akanikuta na wateja. Akaongea kwa heshima, "Ndugu yangu, shemeji ameniambia ukurasa wake wagoma huku. Huenda ni zile anwani ulizoziweka. Niruhusu nizitazame mara moja tu, kisha niende zangu."

Nikasimama. "Tazama simu zako. Mtambo wangu na mke wangu, viache."

Wateja wa benchi wakageuka kunitazama. Rashidi akainua mikono, akasema, "Haya, nimekoma," akarudi kwake. Saru alikuwa kwenye mashine ya kuchapisha. Hakugeuka. Karatasi alizokuwa akipanga alizipanga tena, halafu akazipanga tena.

Siku ya mtihani ikafika. Ilikuwa Jumanne, saa nne mpaka saa sita mchana. Saru alivaa gauni lake la kanisani. Aliniaga, mimi sikumjibu. Alivuka barabara robo saa kabla ya wakati. Nikakaa... nikajaribu kukaa... nikashindwa.

Nilimkuta kwenye kona, daftari limefungwa, mikono juu ya meza. Rashidi alikuwa mbele na mteja. Bi Mwanakombo kwenye kiti chake. Nikasema, "Saru, toka."

Bi Mwanakombo akaniangalia toka miguuni hadi kichwani. "Mwanangu, mwache mtoto afanye mtihani. Huo wivu wako una nguvu kuliko mtandao wako!"

Mteja akacheka. Rashidi hakucheka, lakini mimi nilimwona akicheka. Damu ikanipanda. Nikamshika Saru mkono nikamwambia kama mtihani ni wa kweli, ataufanya kwenye saiba yake mwenyewe, mbele ya mume wake. Akanisihi kwa sauti ya chini, "Usinifanyie hivi. Si leo." Rashidi akapiga hatua moja, Saru akamzuia kwa kutikisa kichwa. Alijua tungepigana, na akijua hivyo, akainuka kuninusuru mimi na fedheha yangu. Tukavuka. Simu yake niliichukua, nikaitia mfukoni.

Akaketi kwenye mashine ya kwanza. Saa nne ikafika. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Akabonyeza tena. Kikazunguka. Akahamia mashine ya pili. Kikazunguka. Mimi nimeketi kando yake, mikono nimefumbata.

"Nipe simu," akasema. "Nitaufanyia kwenye simu."

Nikakataa.

"Nakuomba. Bado kuna muda."

Nikacheka! Eti nikamwambia, "Naona mtihani wako umeanza kuzunguka." Hivyo ndivyo nilivyosema. Wateja wawili walikuwepo, wakainamisha vichwa.

Saa tano akaomba simu mara ya tatu. Baada ya hapo hakuomba tena. Aliweka mikono mapajani akakitazama kile kiduara mpaka saa sita ikapita. Hakulia. Adhana ya adhuhuri ilipoanza alisimama, akanyoosha mkono, nikampa simu yake. Akachukua mkoba. Alasiri hiyo alikuwa amefika kwao Wundanyi.

Na mimi? Nilijiona mshindi! Nilijiambia nimemfumania, amekosa la kusema, amekimbia.

Wiki mbili zilipita. Saiba nikaifunga kwa sababu wateja walikuwa wake, si wangu. Nikarudi Miasenyi kumfungia mwenye mkahawa kamera mlangoni. Wakati nasubiri ngazi, nikiwa nimekaa kwenye kreti ya soda, ule udadisi wangu wa zamani ukaamka. Nikaandika jina la ule ukurasa kwenye simu, kwa bando, barabarani.

Ukafunguka. Mara moja!

Picha ya mwanamke mwenye vazi la kazi, ameshika mtoto mchanga. Chini yake maandishi kwamba mtihani wa majaribio umekamilika na waliochaguliwa wamejulishwa. Nilihisi kreti inazama ardhini. Ukurasa ulikuwepo. Wakati wote ulikuwepo...

Nilimpigia simu yule fundi mkuu wa hotelini. Nikamweleza yote isipokuwa ya mke wangu. Akaniuliza saiba niliipa namba gani. Nikamtajia. Akaguna.

"Kijana, hizo si za nyumbani. Hizo zina wenyewe."

Akanieleza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Kuna namba zilizotengwa kwa ajili ya ndani ya nyumba, zile za 192.168, zile zinazoanza na 10, na nyingine chache. Dunia nzima ilikubaliana hakuna atakayezitumia nje, ndiyo maana kila nyumba inaweza kuwa nazo bila kugongana. Namba nyingine zote zina wenyewe huko nje. "Sasa wewe ukikiita kitanda chako Mwatate, jina la mji," akasema, "siku ukitumwa Mwatate utaenda wapi? Utaingia chumbani, utainua godoro, utatafuta Mwatate humo, hutaiona. Hutapanda gari, kwa sababu unajua Mwatate iko nyumbani. Na ule mstari wa chini ulioacha ujijaze, ndio ulioziambia mashine zako kwamba kila namba duniani inayoanza na kumi na nane iko ndani ya saiba yenu. Kurasa zenye namba nyingine zilifunguka. Za kumi na nane, mashine zilizitafuta chini ya godoro."

Kisha akauliza, "Kwani huo uliogoma ulikuwa ukurasa wa nini?"

Nilikata simu.

Nilirudi Voi siku hiyohiyo. Nikafungua saiba, nikarudisha zile namba za kila mtu nilizozidharau. Kazi ya robo saa! Nikaandika jina la ule ukurasa kwenye mashine ya kwanza. Yule mwanamke na mtoto wake mchanga wakatokea wakinitazama.

Nikavuka barabara. Nilimwomba Rashidi msamaha mbele ya mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mimi umenitusi tu, yamekwisha. Nenda kwa mwenyewe." Bi Mwanakombo aligeuza kiti chake akatazama ukuta.

Nilipanda Wundanyi. Waliniketisha sebuleni kwa baba mkwe, mama yake yupo, mjomba wake yupo. Nikaeleza habari ya namba, ya kitanda na Mwatate, nikaeleza kwamba sikujua. Mjomba akauliza, "Yaani ulimtesa mtoto wetu kwa sababu ya hesabu?" Hakuna aliyecheka.

Nikasema nimeandikia lile shirika kuwaeleza kosa ni langu. Walikuwa wamejibu kwa upole. Nafasi zilikuwa zimejaa, na kundi lijalo litakapochukuliwa Saru atakuwa ameshapita umri wao.

Saru alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso. Kisha akaongea, na maneno yake nimeyabeba mpaka huku Mata.

"Namba ningekusamehe. Hukujua. Lakini nilikuomba simu yangu mara tatu, na ilikuwa mfukoni mwako. Hilo ulilijua."

Nilipiga magoti. Mama mkwe akaniambia niinuke, nisiwapotezee wakati. Nikainuka, nikashuka mlima kwa miguu kipande kizima kwa sababu sikuona sababu ya kufika haraka.

Saiba aliiuza kupitia kwa kaka yake. Yeye amerudi kufundisha chekechea huko juu. Mimi huku Mata navuta waya kwenye stoo za wakulima na ofisi ndogo, na siweki tena namba nisiyojua ni ya nani. Nauliza kwanza, hata kama nitaonekana mjinga. Lakini ujuzi huu haukunirudishia mtu.

Nikiri jambo la mwisho. Wivu haujanitoka. Juzi nilisikia kuna mwalimu mwenzake anamsaidia kubeba vitabu akitoka kazini, nikahisi moto uleule, mimi nisiye na haki tena hata ya kuuliza! Ni ugonjwa, na walio nao mnajua ninachosema. Unakufanya mpelelezi wa kila kitu isipokuwa mikono yako mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, hasa wewe fundi uliyejifunza kwa kutazama kama mimi. Kitu kufanya kazi si ushahidi kwamba umekifanya sawa. Na mwenzio akija kukuambia kuna jambo limegoma nyumbani kwenu lakini linakubali kwa jirani, usimuulize jirani ni nani. Mwambie, "Nionyeshe." Halafu vuta kiti, ukae, utazame... na ufunge mdomo.